Baba hatetemeki ila amekuwa mzito, inaweza kuwa Parkinson?

SWALI

Mshauri shikamoo. Naomba usitaje jina langu, niite tu Binti wa Korogwe, maana nyumbani watu wanasoma na sitaki baba ajue nimeandika kuhusu yeye kabla sijaongea nae mwenyewe.

Baba ana miaka 63, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, saivi amestaafu, analima kidogo na ni katibu wa kikundi cha kukopeshana pale mtaani. Hajawahi kuwa mtu wa kuumwaumwa. Lakini huu ni mwaka wa pili sasa amebadilika, mi naishi Dar kwahiyo kila nikienda nauona utofauti kuliko wao wanaokaa nae kila siku.

Amekuwa mzito kufanya vitu. Vifungo vya shati anahangaika navyo mpaka mama anataka kumsaidia na akisaidiwa anakasirika. Akitembea mkono wa kulia unabaki umeganda ubavuni kama ameshika kitu kwapani, wa kushoto ndo unapepea. Na mguu huohuo wa kulia anauburuza, ndala unaisikia kabla hujamuona yeye. Ule mkono shida ilianzia begani, akaambiwa baridi yabisi, akachomwa sindano, akapewa diklofenaki na dawa ya kuchua, bega likapoa kidogo ila mkono ukabaki umekakamaa hivyohivyo.

Idi iliyopita nilishika daftari la kikundi nikashangaa. Baba ana mwandiko wa ubaoni, mkubwa, umenyooka, watu walikuwa wanamletea barua awaandikie. Sasa mwanzo wa mstari herufi ni za kawaida halafu zinapungua, zinapungua, mwisho wa mstari hujui ameandika elfu ishirini au elfu thelathini. Wanachama wameshaanza minong'ono kwamba katibu anaficha kitu, na hilo ndo limeniuma kuliko vyote.

Kingine uso. Baba alikuwa mtu wa utani na wajukuu, saivi anakuangalia tu, hata kupepesa macho ni kwa nadra, wajukuu wanasema babu kanuna. Sauti imeshuka, kwenye simu namwambia baba ongea kwa nguvu yeye anasema mbona naongea. Kwenye swala anachelewa kuinuka kwenye sijda mpaka ameamua kuswali kwenye kiti. Usiku anapiga kelele za mwizi mwizi, anarusha mateke na ngumi akiwa usingizini, mama amehamia chumba cha watoto. Juzi mama kaunguza maharage, baba kakaa palepale mlangoni hasikii harufu hata kidogo.

Tumempeleka zahanati mara kadhaa, malaria hamna, sukari iko sawa, presha anayo na anameza dawa. Pia ana vidonge vya kizunguzungu, Stugeron, ananunua mwenyewe duka la dawa tangu mwaka juzi. Nilisoma kwenye simu nikakutana na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo, nikamuuliza aliyetuhudumia, akaniambia mzee hatetemeki hata kidogo huo ni uzee na mawazo ya kustaafu. Na kweli hatetemeki, akishika kikombe cha chai hata tone halimwagiki. Kidole gumba tu cha kulia ndo huwa kinachezacheza akiwa anaangalia taarifa ya habari, akishika kitu kinatulia, kwahiyo nadhani ni mazoea.

Shangazi anasema baba kachezewa kwa sababu ya kesi ya shamba na anataka wampeleke kwa mtaalamu. Baba mwenyewe anasema hospitali haendi tena, amechoka kutobolewa. Mshauri, hii inaweza kuwa Parkinson kweli wakati hatetemeki? Tuanzie wapi? Na je hawezi kuishi muda mrefu?

Binti wa Korogwe

JIBU

Marahaba mwanangu, pole sana, na mpe pole mama maana kulala na mtu anayepigana usingizini sio mchezo.

Mi sio daktari wa baba yako na kwa barua hakuna anayeweza kusema ni ugonjwa gani. Ila nimefanya kazi wodini miaka mingi na nakwambia bila kuzunguka, uliyoyaandika yanatosha kabisa baba aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu, na asingoje mpaka aanze kutetemeka. Hilo la kutetemeka ndo limewafunga kwahiyo nianze nalo.

Watu wengi wakisikia Parkinson wanawaza mzee anayetikisika mwili mzima. Kumbe dalili ambayo daktari hawezi kusema ni Parkinson bila kuiona ni ule uzito, yaani mwendo unakuwa wa polepole na unazidi kuwa mdogo kadiri mtu anavyorudia kitendo. Juu ya uzito huo anatafuta mojawapo kati ya mawili, kukakamaa kwa viungo au kutetemeka. Wengi wanatetemeka lakini sio wote, wapo wanaoishi na ugonjwa huu bila mtetemo wa maana. Halafu mtetemo wenyewe una tabia yake, unakuja mkono ukiwa umepumzika, umelala juu ya paja, mtu anaangalia tivii au anatembea, ukishika kitu unatulia. Sasa rudi kwenye barua yako usome ulichoandika kuhusu kidole gumba. Huyo aliyemwangalia zahanati pengine alimuona baba ameshika kadi ya kliniki mkononi na mkono umetulia, akamaliza. Kikombe kinachomwagika chai mara nyingi kinaonyesha shida nyingine, kuna mtetemo wa kurithi unaokuja mtu akifanya kazi na kawaida unakamata mikono yote miwili, na tezi ya shingo ikizidi kufanya kazi nayo inatetemesha mikono.

Kuna kitu kimoja mnaweza kukiangalia nyumbani, nacho ni kilekile atakachokifanya daktari. Mwambie baba agonganishe kidole gumba na cha shahada, afungue kwa upana afunge, harakaharaka, sekunde kumi hivi, aanze na kushoto halafu kulia. Mkono usio na shida unaendelea na upana uleule. Mkono wenye hii shida unaanza vizuri halafu ule mwanya kati ya vidole unapungua, unapungua, saa nyingine vidole vinaganda kabisa katikati. Ndo hichohicho ulichokiona kwenye daftari la kikundi, herufi zinaanza kubwa zinaishia ndogo. Na naomba hilo daftari uliokoe heshima ya baba yako mapema, ongea na mwenyekiti umwambie mzee ana tatizo la mkono linashughulikiwa, wamtafutie mtu wa kumsaidia kuandika, ila ukatibu wasimvue.

Bega nalo sio la kupuuza. Wagonjwa wengi wa Parkinson wameanzia kwenye bega linalouma na kukaza upande mmoja, wakatibiwa baridi yabisi kwa muda mrefu. Na kuanzia upande mmoja ndo kawaida ya huu ugonjwa, mkono na mguu wa upande uleule, baadae ndo unavuka kwenda wa pili.

Halafu kuna yale mambo ambayo hakuna anayemtajia daktari kwa sababu hayafanani na ugonjwa. Pua kutosikia harufu. Kupiga mateke na kelele usingizini, mtu anaigiza ndoto yake. Choo kigumu cha muda mrefu, hukukitaja, muulize mama taratibu. Hayo matatu yanaweza kutangulia miaka mingi kabla mkono haujaanza kuganda, hata kumi na zaidi, kwa sababu ugonjwa wenyewe unakwenda polepole mno. Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuendesha mwendo, hizo seli zinakufa kidogokidogo na mwili unafidia, mpaka siku uzito unaonekana kwa macho sehemu kubwa ya seli imeshaondoka. Kwahiyo hizo kelele za usiku zina maelezo bila kuchezewa anakosema shangazi, na uso wa kununa una maelezo, misuli ya uso imekuwa mizito sawa na mkono. Waambie wajukuu babu hajanuna. Ila huzuni ya kweli pia inakuja na ugonjwa huu, sio mawazo ya kustaafu tu, kwahiyo daktari akiuliza kuhusu moyo wake msimjibie nyie.

Sasa Stugeron. Hapa naomba usome pole pole maana linaweza kubadilisha kila kitu. Dawa ya ndani ya hivyo vidonge inaitwa sinarizini na kwa wazee, hasa ikimezwa miezi na miezi, inaweza kuleta uzito na kukakamaa kunakofanana sana na Parkinson, kwa sababu inazuia hiyohiyo dopamini. Haiko peke yake. Plasil ya kuzuia kutapika inafanya hivyo, haloperidoli na Largactil wanazopewa wagonjwa wa akili zinafanya hivyo. Shida ikiwa imeletwa na dawa, kwa kawaida inapungua dawa ikiachwa, ingawa inaweza kuchukua wiki hata miezi. Dalili za baba zinaegemea upande mmoja, pua na usingizi vimeguswa, na hizo zinanifanya nisiwaze Stugeron peke yake, maana za dawa mara nyingi zinakuja pande zote mbili. Lakini dawa pia inaweza kuufichua ugonjwa uliokuwa umejificha. Kwahiyo Stugeron ambayo hakuna daktari aliyemwandikia asiendelee kuinunua, na kizunguzungu kitafutiwe sababu yake. Dawa ya presha asiiache, abebe tu boksi lake. Siku ya kwenda mkusanye kila anachomeza, hata mitishamba, hata vile vidonge vilivyobaki kwenye karatasi ya kaki, viwe kwenye mfuko mmoja.

Mwende wapi. Kutoka Korogwe mnaweza kuanzia hospitali ya wilaya au Bombo pale Tanga mkachukua rufaa ya KCMC Moshi, ambayo ndo hospitali ya kanda yenu na ina madaktari wa mishipa ya fahamu. Au kwa kuwa wewe uko Dar, akae kwako mumpeleke Muhimbili. Ulizia kwa simu kwanza siku za kliniki hiyo, na useme unamtafuta daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, sio wa upasuaji wa ubongo, watu wanachanganya wanapoteza siku nzima kwenye foleni isiyo yao. Kama ana bima uliza mapema rufaa inatakiwa iandikweje.

Video ni muhimu kuliko unavyodhani, maana mgonjwa akifika mbele ya daktari anajikaza na ananyooka. Mchukue kwa simu, kwa ruhusa yake, akitembea kwenda na kugeuka kurudi, akifunga vifungo, akiinuka kwenye kiti bila kujishika, na kile kidole akiwa anaangalia taarifa ya habari. Daftari la kikundi la zamani na la sasa piga picha. Andika kipi kilianza lini, hata kwa kukadiria, bega lilianza msimu gani, harufu lini.

Na ujue mapema kwamba hakuna kipimo cha damu kinachosema huyu ana Parkinson, na CT scan au MRI ya kawaida kwa mwenye Parkinson mara nyingi inatoka safi. Ugonjwa unatambuliwa kwa macho na mikono ya daktari na kwa historia mnayompa. Picha ya kichwa inapigwa kutafuta vitu vingine, kiharusi kidogo kilichopita kimyakimya, maji kwenye ubongo, damu iliyovuja baada ya kuanguka. Kwahiyo msiuze mbuzi kupiga MRI kabla hamjaonana na daktari mwenyewe, na pia mtu asiwaambie picha ni safi kwahiyo mzee hana kitu. Baba atafurahi kusikia hatobolewi sana safari hii, damu kidogo labda ya kuangalia tezi na mengine, kazi kubwa ni kutembezwa, kukunjwa mkono na kugonga vidole.

Mtajie daktari pia kama baba ameshaanza kuangukaanguka, au kupoteza kumbukumbu, au kubanwa mkojo na kuona giza akisimama. Hayo yakija mapema sana yanaweza kuonyesha magonjwa mengine yanayofanana na Parkinson ambayo matibabu yake ni tofauti. Na mdomo ukipinda ghafla au upande mmoja ukafa ghafla huo ni mwendo wa kiharusi, ni hospitali dakika hiyohiyo, msingoje kliniki.

Daktari akiona ni Parkinson, dawa kubwa ni levodopa pamoja na karbidopa, utaikuta kwa majina ya Sinemet au Syndopa. Inaanzwa kidogo na kupandishwa, na mtu akipata nafuu ya wazi kwa dozi ya kutosha hilo lenyewe linampa daktari uhakika zaidi. Imezwe nusu saa kabla ya kula au saa moja baada ya kula, maana nyama na maharage mengi vinagombania njia nayo tumboni. Mwanzoni inaweza kumpa kichefuchefu na hapo ndo nawaomba muwe macho, mtu wa duka la dawa atawapa Plasil bila kufikiri, na Plasil inaharibu kazi yote. Rudini kwa daktari awape nyingine. Pia kuna Artane, ni ya bei nafuu na inapatikana kirahisi kwahiyo wazee wengi wanaandikiwa, kwa mtu wa miaka 63 inaweza kumchanganya akili, kuharibu kumbukumbu na kuziba mkojo, ukiiona kwenye karatasi uliza kwa heshima kama hakuna njia nyingine. Levodopa haiachwi ghafla hata siku moja, mtu anaweza kukakamaa vibaya, kwahiyo kabla hamjaondoka kliniki mjue inapatikana wapi karibu na Korogwe na inauzwaje, wewe wa Dar uwe unatuma kabla haijaisha. Dawa haiponyi, seli zilizokufa hazirudi, ila inamrudishia mtu mikono yake. Na mazoezi yanasaidia kweli, kutembea kwa hatua kubwa, shamba lake asinyang'anywe.

Swali la kuishi. Muhammad Ali aligundulika 1984, 1996 akawasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta dunia nzima ikiuona mkono wake unatetemeka, akafariki 2016. Ni miaka 32. Sisemi kila mtu anafika huko, ila hii sio hukumu ya mwaka mmoja. Na kwa mama, ugonjwa hauambukizi, wala kwa wengi hauendi kwa watoto.

Kinachonisikitisha ni wangapi wako hivihivi majumbani. Miaka ya 2000 watafiti walizunguka nyumba kwa nyumba wilaya ya Hai, hapohapo jirani na Moshi, wakapita kwenye watu zaidi ya 161,000, wakapata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na yeyote wana ugonjwa gani. Hao ni wazee waliokuwa wanaitwa wazembe, walevi, waliologwa.

Shangazi usigombane nae, ni dada yake baba na anamuogopea kaka yake. Mwambie shangazi dua tuendelee nayo wote, ila naomba mzee asinyweshwe kitu mpaka daktari amemuona, ili vipimo visichanganywe. Hapo nina sababu nyingine. Mbegu za upupu, huuhuu upupu wa kuwasha, zina levodopa ndani yake, hilo ni kweli kabisa na limeshafanyiwa utafiti, na siku moja mtu atakuja na unga wake nyumbani kwenu. Huwezi kujua kijiko kimoja kina kiasi gani, leo kidogo kesho nyingi, na akichanganya na vidonge vya hospitali anaweza kuanza kuona vitu visivyokuwepo au presha ikashuka akaanguka.

Baba mwenyewe usimwendee na neno Parkinson, na usiongee nae kwenye simu ambapo sauti inamchosha. Nenda nyumbani, kaa nae wawili, anza na daftari. Mwambie baba mkono wako unakusumbua na watu wameanza kusema, mi najua sio wewe, kuna daktari wa mkono wa namna hii twende akauangalie. Mwalimu aliyeandikia watu barua mtaa mzima atalielewa hilo kuliko ukimwambia ubongo wake una tatizo. Akikataa mara ya kwanza usimsukume mbele za watu, mpe siku mbili umrudie.

Na nauli ya mama iwepo. Daktari atauliza usiku analalaje, anajigeuzaje kitandani, mateke yalianza lini, baba hawezi kujibu hayo kwa kuwa alikuwa amelala, na wewe hukuwepo. Mkiwa bado mnasubiri siku ya kliniki, kitanda chake kisukumeni ukutani, meza na taa ya kioo viondoke pembeni yake, na huyo mama abaki kulala huko alikohamia. Ukishapewa karatasi ya dawa niandikie majina na dozi zake.